Loki nne zifungwe kabla kontena halijatoka getini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo sisi madereva wa semi tunalijua, matajiri wetu wanalijua, makarani wa yadi wanalijua, na asiyelijua ni yule ambaye linamwangukia. Makontena mengi yanayotoka bandarini na kupita Barabara ya Mandela, ya Kilwa na ya Morogoro hayajafungwa kwenye tela kwa loki, yale makomeo yanayoshika pembe zake za chini. Yamewekwa tu. Chuma cha tani ishirini na zaidi kimekalia chuma kingine, kinashikiliwa na uzito wake wenyewe, na ubavuni mwake kuna bajaji iliyombeba mama na watoto wake wanasubiri taa ya kijani.

Naendesha semi kati ya Dar es Salaam na Tunduma, na mara nyingine navuka hadi Lubumbashi na Kolwezi. Nimebeba vigae, mbolea, salfa na vipuri vya migodini, na wakati wa kurudi nimebeba shaba. Ninayoyaandika hapa sikuyaokota kijiweni.

Nianze na kontena lenyewe, maana watu wanaliona kila siku na hawajui linabeba vipi. Anayelitazama anadhani nguvu yake iko kwenye kuta. Hapana. Bati la ubavuni unene wake hauzidi milimita mbili, limekunjwakunjwa ili lisilegee. Paa linapimwa kwa kilo 300 tu, zikiwekwa kwenye eneo la sentimita 60 kwa 30. Mafundi watatu wenye miili wakisimama pamoja hapo juu wameshafika kikomo. Nguvu yote iko kwenye nguzo nne za kusimama na pembe nane, nne juu na nne chini, kila pembe ikiwa ni kipande cha chuma cha kumimina chenye matundu. Winchi inanyanyulia hapo. Meli inabebea hapo. Tela nalo linatakiwa lishikie hapo.

Mlangoni kuna sahani ndogo ya chuma iliyopigwa ribiti. Hiyo ndiyo alama ya usalama inayotakiwa na mkataba wa kimataifa wa makontena salama wa mwaka 1972. Kwenye sahani nyingi utasoma kwamba kontena linaweza kubebeshwa mengine juu yake hadi kilo 192,000. Tani 192 kwenye nguzo, kilo 300 kwenye paa! Ndiyo maana roho inaniuma nikimwona mwenzangu amepakia kontena kwenye flatibedi isiyo na loki, amerusha kamba juu ya paa, amekaza, na anaondoka ameridhika. Kamba ile inabonyeza bati, basi. Kontena likiamua kwenda, linakwenda nayo.

Aliyelileta kontena katika biashara ya bahari alikuwa mtu wa malori kama sisi. Malcom McLean, kijana wa North Carolina nchini Marekani, alianza miaka ya 1930 na lori moja kuukuu. Tarehe 26 Aprili 1956 meli yake, Ideal X, iling'oa nanga Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Injinia wake, Keith Tantlinger, ndiye aliyebuni pembe zenye matundu pamoja na loki ya kugeuza inayoingia humo, na miaka ya 1960 kampuni ya McLean iliachia haki za hataza ya ubunifu huo ili dunia nzima itumie kipimo kimoja. Leo kontena lililojazwa Shanghai linakalia bila tabu loki za tela lililochomelewa hapa hapa mjini. Loki na kontena vilizaliwa pamoja. Ukilibeba kontena bila loki umebeba nusu ya kitu.

Na huko majini mambo ni tofauti kabisa. Meli ikifika gatini utawaona vijana kwenye safu za makontena wanafungua loki moja baada ya nyingine kabla winchi haijanyanyua chochote, kwa sababu kila kontena la sitahani limefungwa kwenye lenzake la chini, na safu nzima imekazwa kwa vyuma virefu vya kukingama. Mzigo umetoka China, umevuka Bahari ya Hindi yote na mawimbi yake, umefungwa muda wote. Unafika Kurasini salama. Kisha kilomita kumi za mwisho, katikati ya daladala na watu wanaovuka barabara, unapelekwa wazi.

Loki ya tela ni kitu kidogo. Juu ina ncha yenye umbo refu, chini ina mkono. Kontena likishushwa, ncha inapenya kwenye tundu la pembe. Unageuza mkono robo mzunguko, ncha inakaa msalaba ndani ya pembe na haiwezi kuchomoka. Kisha unakaza. Kwa tela zima, loki zote nne hazimalizi dakika tano.

Tatizo ni tela lenyewe na saa ya kupakia. Fikiria usiku, yadi ina foleni hadi barabarani. Kontena limeshuka, lakini limekaa sentimita mbili nje ya mahali pake, na ncha moja haijaingia. Tingo amelala chini ya tela, tochi ya simu ameiuma kwa meno, anaugonga mkono wa loki kwa nyundo. Hauendi. Kutu na udongo wa masika vimeushika. Mwendesha winchi hataki kurudia kunyanyua, ana magari mengine. Wa nyuma anapiga honi. Karani anapaza sauti: "Toa gari!" Dereva anasema atafunga mbele. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na hiyo "mbele" sijaiona mtu akisimama.

Hilo la haraka lingerekebishika. Lililo baya zaidi ni fundisho ambalo wazee wa barabarani walitupa na ambalo vijana bado wanalipokea leo: "Mwanangu, usifunge loki. Ukiizidisha kona, kontena lidondoke lenyewe, gari libaki limesimama." Na wapo matajiri wanaolipenda fundisho hili. Mzigo una mwenyewe na bima yake. Gari ni mkopo wa benki.

Nataka nilijibu fundisho hili hadharani, maana linajibiwa kwa kunong'ona tu.

Kwanza, haliokoi gari kama wanavyodhani. Sakafu ya tela iko karibu mita moja na nusu kutoka ardhini, na juu yake kuna kontena la kimo cha mita 2.6, au 2.9 kwa yale marefu ya kwenda juu. Uzito uko juu. Semi ya namna hiyo ikiingia raundibauti ya kubana haihitaji hata kilomita 40 kwa saa ili magurudumu ya upande mmoja yaanze kuachia lami. Dereva hajui. Kichwa bado kimesimama, usukani bado mwepesi, na tela nyuma yake limeshaanza kulala. Anakuja kugundua kwenye kioo, wakati hakuna la kufanya. Kuacha loki wazi hakuzuii lolote katika hayo. Kunachofanya ni kumtupia mzigo aliye pembeni.

Pili, makontena mengi yaliyo wazi hayaanguki kwa kupinduka gari. Yanateleza. Shimo moja, tuta moja lisilo na alama, breki moja ya ghafla. Nani kati yetu hajakanyaga breki kwa nguvu kwa sababu ya bodaboda iliyokatiza? Kontena lisilofungwa, ukisimama ghafla, lenyewe halisimami. Linakuja mbele, na mbele ni kichwa, na ndani ya kichwa ni wewe na tingo wako. Anayeteremka Kitonga au Sekenke na loki zimeachwa wazi amebeba jeneza lake mgongoni, naomba niseme hivyo kwa uchungu.

Tatu, matupu. Hakuna anayefunga kontena tupu, eti ni jepesi. Kontena la futi 40 lile refu, likiwa tupu, lina tani nne kasoro, na ubavu wake una eneo la mita za mraba 35. Hilo ni tanga. Wanaopita Makambako na Singida wanaujua upepo wa kule.

Niliwahi kufika mahali pa ajali muda mfupi baada ya kutokea. Sitataja mtaa wala gari, kwa sababu kuna familia zilizoumia pande zote mbili. Kontena la futi 20 lilikuwa limelala ubavu barabarani, mlango umefunguka, vigae vimemwagika. Tela lilikuwa limesimama wima, zima. Watu walikusanyika kwenye kontena. Mimi nilikwenda kutazama loki. Zote nne zilikuwa wazi. Na kutu iliyokuwa kwenye shingo zake ilikuwa nzima, haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Loki zile hazikuwa zimegeuzwa kwa muda mrefu sana, labda tangu masika ya nyuma. Kijana wa bodaboda alishakufa. Abiria wake alikuwa anaita jina la mtu. Kilichosemwa pale ni kwamba dereva alikuwa mwendokasi, akapelekwa kituoni. Inawezekana ni kweli alikuwa mwendokasi. Lakini sikumsikia mtu yeyote akiuliza habari ya loki, na tela lile sina shaka lilirudi kazini.

Kuna jambo la pili linalokwenda pamoja na hili, nalo ni uzito na upangaji. Dereva anakabidhiwa kontena limeshafungwa lakiri. Haruhusiwi kulifungua, na ni sawa, mzigo wa watu. Lakini hajui ndani kuna nini wala kimekaaje. Mlango wa nyuma una maandishi ambayo kila dereva anapaswa kuyasoma. Namba ya juu kabisa, kwa kawaida kilo 30,480 au 32,500, ni uzito wa mwisho unaoruhusiwa, kontena na mzigo kwa pamoja. Inayofuata ni uzito wa kontena tupu, kilo 2,200 hivi kwa la futi 20 na karibu 3,800 au 3,900 kwa la futi 40 refu. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo kiasi cha mzigo. Maandishi hayo hayasemi ndani kumewekwa kiasi gani leo. Hilo liko kwenye karatasi, na karatasi zinaweza kusema uongo.

Mwaka 2007 meli MSC Napoli ilivunjika tumbo katika mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Wachunguzi wa Uingereza walipopima makontena yapata 660 ya sitahani, walikuta 137 uzito wake umepishana na uliotajwa kwenye karatasi kwa zaidi ya tani 3. Tangu tarehe 1 Julai 2016 sheria ya kimataifa ya usalama wa meli inataka uzito wa kila kontena lenye mzigo uthibitishwe kwa vipimo kabla ya kupakiwa melini. Kwa hiyo uzito wa kweli upo, umeandikwa, meli inao. Mimi nikipakia sijawahi kupewa. Napewa namba ya kontena, namba ya lakiri na anwani ya kupeleka. Nakuja kuujua mzigo wangu nikifika mizani ya Vigwaza, wakati nimeshapita nao mji mzima.

Na mizani nayo ina mpaka wake. Inaniambia kila ekseli imebeba ngapi na kama nimepita tani 56 ambazo sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu kwa gari la ekseli saba. Hainiambii kama mzigo umelalia kushoto. Chukua shaba. Tani 25 za shaba ujazo wake haufiki mita tatu za ujazo, na kontena la futi 20 lina mita 33. Ukiirundika katikati sakafu inapinda. Ukiisogeza upande mmoja, kila ukikata kona kwenda upande wa pili umeweka roho rehani. Lazima isambazwe sakafuni na izuiwe kwa mbao. Wanaopakia shaba kule migodini, kwa haki, wengi wanajua kazi hii. Hofu yangu kubwa ni kichele cha Kariakoo, yaani mizigo ya watu wengi ndani ya kontena moja.

Wafanyabiashara kumi na tano wanachangia kontena moja la futi 40 kutoka Guangzhou. Mzigo unapangwa kwa mpangilio wa kufika ghalani: aliyewahi anakaa chini, aliyechelewa anakaa juu. Basi magodoro na nguo ziko sakafuni, na mashine ya kusaga na maboksi ya vigae yako juu karibu na mlango. Miongozo ya mwaka 2014 ya mashirika ya Umoja wa Mataifa kuhusu upakiaji inasema zaidi ya asilimia 60 ya uzito isirundikwe kwenye nusu moja ya urefu wa kontena. Nani anawaambia hayo ndugu zetu wa Kariakoo? Kwa hiyo nawaambia mimi: mwambieni anayewapakilia kule kwamba vizito vikae chini, visambazwe mbele hadi nyuma na kushoto hadi kulia, nafasi zijazwe ili kitu kisitembee. Na apige picha kabla mlango haujafungwa, awatumie kwa simu. Mnatumiwa picha za bidhaa kila siku. Hii moja haitawagharimu chochote.

Sasa niseme ninachoomba.

Kwenye geti la bandari na la kila bandari kavu kuna karani anayeandika namba ya gari, namba ya kontena na namba ya lakiri. Fomu hiyo iongezwe mstari mmoja: loki nne zimefungwa, ndiyo au hapana. Ikiwa hapana, gari lisogee pembeni. Lisitoke. Karani hahitaji mafunzo yoyote. Anazunguka gari na tochi, anachungulia kwenye tundu la ubavuni la kila pembe ya chini. Ncha ikiwa imekaa msalaba, imefungwa. Na hapo hapo dereva akabidhiwe uzito uliothibitishwa, umeandikwa kwa Kiswahili kwenye karatasi yake ya kutokea.

Tela lisilo na loki nzima nne lisipewe kontena hata kama tajiri wake ni nani. Loki mpya bei yake haifiki bei ya tairi moja la semi, na tairi tunabadilisha bila kulalamika.

Trafiki wanaotusimamisha wanakagua leseni, stika, matairi na vizima moto. Waangalie na loki, na wakikuta ziko wazi wasimuandikie dereva peke yake. Dereva anayekataa kutoka bila loki anaambiwa ampishe mwingine mwenye njaa. Nimeyasikia hayo kwa masikio yangu. Faini imfuate mwenye tela pia, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilihesabu kosa hilo anapokuja kuomba leseni upya. Wenye mizani wa TANROADS nao wanaliona gari likiwa limesimama kabisa, pande zote mbili; mtu mmoja kuzunguka na kutazama pembe nne hakutaongeza foleni.

Kwa mwenye gari dogo, bajaji au bodaboda: usikae sambamba na kontena kwenye raundibauti wala kwenye mteremko wa daraja. Subiri lipite, au lipite wewe mahali paliponyooka. Usiamini kwamba limefungwa kwa sababu linaonekana limetulia.

Mhariri, ombi langu la mwisho ni kwako. Tuma mwandishi na mpiga picha wasimame jioni moja mahali semi zinapotokea, wahesabu makontena yaliyofungwa na yasiyofungwa, na mchapishe hesabu hiyo pamoja na picha za pembe, bila namba za magari. Wakitaka mtu wa kuwaonyesha pa kutazama, nitakuja siku yoyote ambayo siko safarini.

Dereva wa semi,
Tabata, Dar es Salaam
(jina na namba ya simu nimevikabidhi kwa mhariri)